Meno yangu si machafu

Jamani, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe inanihusu mimi mwenyewe.

Juzi binamu yangu wa kike, mtoto wa shangazi, alinipigia simu kutoka Usa River. Ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kitalii huko huko Arusha. Nikadhani anataka kujua usaili unakuwaje, avae nini, mshahara aseme ngapi. Wapi! Swali lake lilikuwa hili: "Kaka, meno yakianza kuuma ukinywa maji ya baridi, ndiyo dawa inafanya kazi au nimekosea vipimo?" Nikamuuliza dawa gani. Akasema ndimu na magadi soda. Asubuhi na jioni, siku ya kumi na sita sasa. Hata kuvuta hewa kwa mdomo hawezi; upepo ukigusa meno ya mbele anaruka. Nikapandisha sauti: nani kakwambia ufanye upuuzi huo? Akanyamaza kidogo, halafu akajibu kwa adabu zake zote: "Si wewe, kaka. Ile makala yako ya gazetini. Mama aliikata akaiweka kwenye albamu."

Wee acha tu.

Ni kweli niliandika. Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika chumba cha habari ambacho sitakitaja, nikapangiwa ukurasa wa urembo na afya wa toleo la wikiendi. Jioni moja tangazo likaondolewa dakika za mwisho, pakabaki tundu la maneno mia nne. Mhariri akaniambia jaza. Nikajaza: "Njia saba za kung'arisha meno ukiwa nyumbani." Nilizipata wapi? Intaneti, nikinakili hapa na kutafsiri pale. Sikumpigia daktari wa meno hata mmoja. Ndimu na magadi soda ilikuwa njia ya pili. Mkaa ilikuwa ya tano. Shangazi akafurahi kuona jina la ukoo gazetini, akachukua mkasi. Makala ikakaa albamuni miaka yote hiyo ikimsubiri bintiye.

Na kichekesho chenyewe ni kwamba mwandishi wa makala hiyo ana meno ya kahawia. Ndiyo, mimi. Wanaonijua kwa sura wanajua. Yale mawili ya mbele juu yana mabaka kama mtu aliyekunywa chai ya rangi akasahau kumeza, na kandokando yana mistari myeupe ya chokaa. Nilizaliwa na kukulia Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, na kama hujawahi kupita huko, jina la mahali halitanii: mto ule una rangi ya chai kweli. Bibi yangu meno yake yalikuwa hivyo. Baba hivyo. Darasa zima la kwanza tulikuwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ana tatizo. Mwenye meno meupe ndiye tuliyemshangaa. Tulijua huyo kahamia.

Nilijua nina tatizo siku nilipofika Dar kusoma. Mwenzangu wa chumba bwenini, kijana mstaarabu kabisa, aliniuliza siku ya tatu kama navuta sigara. Nikasema hapana. Wiki ya pili akaniletea mswaki mpya, zawadi. Hakusema neno. Ndugu msomaji, kuna matusi yanayouma kuliko mswaki uliofungwa vizuri kwenye karatasi yake? Baadaye nikapata jina, "Chuga Kahawia," na baadaye zaidi mtayarishaji wa vipindi katika kituo fulani cha televisheni akaniambia sauti yangu nzuri, maandishi yangu mazuri, ila kwa kamera "tuangalie kwanza suala la usafi." Usafi! Napiga mswaki mara mbili kwa siku tangu nikiwa na meno ya utoto. Siku moja nikiwa kidato cha nne nilichukua msasa wa fundi seremala, ule laini, nikajifungia bafuni nikasugua jino moja la mbele mpaka nikaona damu kwenye ufizi. Doa lilipungua, sidanganyi. Jino hilo mpaka leo ndilo linalouma nikila embe bichi.

Sasa mtu mwenye historia hiyo ndiye aliyewaandikia Watanzania njia saba. Hiyo ndiyo kasumba ninayotaka kuizungumzia leo: unaweza kuonewa kwa jambo fulani miaka yote, halafu ukipewa kalamu ukawa wakala wa wale wale waliokuonea.

Tuanze na zile njia saba, maana nina deni la kuzifuta. Jino kwa nje limefunikwa na enameli, tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Hata pale lilipo nene halizidi milimita tatu, na karibu na ufizi ni jembamba mno. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili yake ni ya manjano. Shika hapo. Enameli haina chembe hai za kuitengeneza upya. Mate yanaweza kuirudishia madini kidogo pale ilipolainika, lakini ikishaliwa imekwenda, haioti kama ukucha. Inaanza kuyeyuka pale mdomo unaposhuka chini ya kipimo cha asidi cha 5.5 hivi. Ndimu iko kwenye 2 na kitu. Kwa hiyo ukipaka ndimu kwenye jino, unayeyusha ganda la nje, halafu unasugua na mswaki likiwa limelainika. Siku mbili tatu utaona jino linang'aa, kwa sababu umelikwangua. Baada ya miezi ganda limepungua, manjano ya chini yanachungulia, na jino linakuwa la njano kuliko ulipoanza. Mtu anaongeza ndimu. Si ndiyo dawa?

Magadi soda peke yake, kwa haki yake, si mhalifu. Ni laini, inaondoa madoa ya juu ya chai na kahawa, na iko ndani ya baadhi ya dawa za meno za dukani. Kosa ni kuichanganya na ndimu. Ule mchemko na povu unaowavutia watu kwenye video ni asidi na magadi vikiuana vyenyewe kwa vyenyewe. Kilichobaki baada ya povu ama ni maji yenye chumvi chumvi yasiyo na kazi, ama ni asidi iliyosalia kama ndimu ilikuwa nyingi. Na mpishi wa bafuni hapimi.

Mkaa? Nilisoma baadaye, nikiwa nimechelewa, kwamba mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo kuhusu unga wa mkaa na dawa za meno za mkaa. Waandishi wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba unafanya kazi wala kwamba ni salama. Babu zetu walisugua kwa mkaa na jivu kwa sababu dukani hapakuwa na kingine. Sisi tunanunua mkaa ule ule kwenye kikopo cheusi chenye maandishi ya dhahabu, elfu thelathini, tukidhani tumeendelea.

Kuhusu jiki nitasema mstari mmoja, maana wapo wanaopaka kwa pamba: ile ni ya mashuka, inaunguza ufizi na koo, na ukiimeza unaishia hospitali. Limekwisha hilo.

"Basi kaka, kipi ni salama?" Hilo ndilo swali aliloniuliza binamu, na ni swali halali. Sipendi wale wanaoligeuza kuwa somo la kujikubali. Mtu anayekosa kazi kwa sababu ya meno huwezi kumlisha maneno ya jipende ulivyo, hasa kama wewe meno yako ni meupe.

Kinachong'arisha meno kweli kweli ni peroksaidi. Ama haidrojeni peroksaidi yenyewe, ama kabamaidi peroksaidi inayoitoa polepole. Inapenya kwenye enameli na kuvunjavunja rangi iliyo ndani. Njia ya nyumbani yenye historia ndefu kuliko zote ilielezwa na madaktari wawili wa Marekani, Haywood na Heymann, mwaka 1989: daktari anachukua umbo la meno yako, anakutengenezea kifuniko laini cha plastiki kinachokaa sawasawa bila kugusa sana ufizi, anakupa jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, unaivaa usiku kwa wiki kadhaa. Hiyo asilimia 10 inatoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 tu. Unaona ni kidogo kiasi gani? Meno yatapata ganzi kidogo siku za mwanzo, kisha ganzi inaondoka. Ukiona imezidi unapumzika siku moja mbili. Mjamzito asubiri. Mwenye jino lililotoboka azibe kwanza, maana jeli ikiingia kwenye tundu atakumbuka siku aliyozaliwa. Na meno ya bandia au yaliyozibwa hayabadiliki rangi hata uyapake mwaka mzima, kwa hiyo usishangae ukibaki na jino moja la rangi ya zamani.

Umoja wa Ulaya mwaka 2011 ulipitisha kwamba bidhaa yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 mpaka 6 iuzwe kwa madaktari wa meno tu, daktari ndiye aanze kuitumia kwa mteja, na walio chini ya miaka 18 wasiguse. Sasa fungua Instagram. Dada mwenye kope za bandia anakuuzia kijisanduku chenye taa ya buluu, hakuna kiwango kilichoandikwa, hakuna tarehe, anakwambia "inatoa uchafu wa miaka yote, mpaka wa Arusha." Taa ile haina uchawi wowote. Kama ndani kuna peroksaidi, ndiyo inayofanya kazi. Kama haimo, umenunua tochi.

"Mpaka wa Arusha." Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Meno ya kwetu hayana uchafu. Nitasema tena kwa sababu hata wasomi wenzangu wa hapa mjini hawalijui: ule ukahawia hauko juu ya jino, uko ndani yake. Milima yetu ni ya volkano. Mvua inaingia kwenye miamba ya Meru na Kilimanjaro, inachota madini ya floraidi, inatokea kwenye chemchemi na visima tunavyochota. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya kudumu yanaundwa ndani ya taya, enameli inajengeka vibaya, inakuwa na vinyweleo kama tofali lililochomwa nusu. Jino linatoka likiwa na chokaa, halafu rangi inaingia kwenye vinyweleo polepole, na likizidi linameguka vishimo. Kwa meno ya mbele yanayoonekana mtu akicheka, hatari iko tangu utotoni mpaka kama umri wa miaka minane. Baada ya hapo unaweza kunywa maji hayo mpaka uzeeke, meno hayo hayatabadilika kwa namna ile. Na kabla ya hapo ukinywa, hakuna ndimu duniani itakayokurudisha nyuma.

Na hapa mjue hata ile njia ya kweli ya peroksaidi ina mipaka. Kwa wenye madoa mepesi inasaidia, ukahawia unapungua, sehemu iliyobaki inakuwa nyeupe na tofauti haionekani sana. Lakini yale mabaka ya chokaa peroksaidi haiyaondoi, na kuna wakati yanajitokeza zaidi. Wenye madoa mazito daktari anaweza kukwangua tabaka jembamba sana kwa dawa maalumu na vipimo vyake, au kulifunika jino kwa kitu kinachofanana nalo. Hizo ni pesa. Kwa mshahara wa mtu wa mapokezi, ni pesa za miezi. Nimemwambia binamu ukweli huo wote na nikasikia anavuta pumzi, halafu anajikunja kwa maumivu kwa sababu amevuta pumzi.

Kuna kisa kimoja nimekipenda sana. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Kila mtu ana sababu yake. Wengine wakasema ni kula sana nguruwe. Wengine maziwa mabovu. Yaani wazungu hao nao walikuwa na mswaki wao wa zawadi! McKay akahangaika na jambo hilo miaka thelathini. Mwaka 1923 alifika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walimwambia madoa yalianza kutokea kwa watoto wao baada ya bomba jipya kuvuta maji ya chemchemi ya moto. Alipima maji, hakuona kitu. Hata hivyo akawaambia: achaneni na bomba hilo, vuteni kutoka chemchemi nyingine. Wakaacha. Baada ya miaka michache wadogo zao wakaota meno mazima yasiyo na doa. Floraidi yenyewe ilikuja kugunduliwa mwaka 1931, na mkemia wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, H. V. Churchill.

Angalieni hapo. Mji mdogo wa watu wa kawaida, hawajui hata jina la kinachowadhuru, wamebadilisha bomba. Sisi tunakijua kwa jina, kwa vipimo na kwa ramani: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi miaka ya 1970 tulijiwekea kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8. Nane! Kwa sababu tukiweka 1.5, ilisemekana, tungefunga vyanzo vingi mno. Ya muda ikazeeka. Baadaye ikashuka ikawa 4, na ikachukua miaka mingine kabla ya kufika 1.5. Mimi na darasa langu la kwanza tulinywa maji ambayo kwa karatasi za serikali yalikuwa hayana neno. Halafu tukafika Dar tukaambiwa hatupigi mswaki.

Siwezi kusema hakuna kilichofanyika, nitakuwa mwongo. Ngurdoto, hatua chache kutoka kwetu, kuna kituo cha utafiti cha kuondoa floraidi, na njia yake inajulikana: mifupa ya ng'ombe inachomwa inakuwa mkaa, maji yanapitishwa humo, floraidi inanasa. Huo ndio mkaa wa maana kwa meno ya mtu wa Arumeru, na haupakwi mdomoni. Shida yake ni kwamba mkaa unashiba na lazima ubadilishwe, na mwenye ndoo hawezi kujua kwa macho kama umeshiba. Anahitaji mtu wa kumpimia. Jiji la Arusha nalo limepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2018, na moja ya sababu zake ilikuwa hii hii floraidi. Vizuri. Lakini bomba la jiji si kisima cha kijijini.

Na elimu yenyewe ya bure, isiyohitaji bilioni, ninyi mmeisikia wapi? Nimeuliza ndugu zangu watano nyumbani wiki hii. Watatu wananichemshia mtoto maji wakiamini wanaondoa "ile dawa ya meno." Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima kuchemsha, lakini floraidi haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi. Kichujio cha kawaida cha udongo nacho hakiitoi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na kwetu mvua inanyesha. Maziwa ya mama yana kidogo sana, kwa hiyo taabu inaanza na uji. Halafu kuna magadi yale ya mawe tunayotia kwenye maharage na makande ili viive upesi: nayo yamebeba floraidi. Mama yangu alipolisikia hilo aliniambia nimekuwa Mzungu. Nikamwambia mama, weka kwenye sufuria ya wakubwa, ya mtoto ipikwe bila magadi, kuni nitalipa mimi.

Nasikia wengine mnanijibu: ni meno tu, ndugu mwandishi, watu wana malaria. Nenda Maji ya Chai ukawaone waliopinda miguu, kisha urudi uniambie ni meno tu. Floraidi ikizidi sana na kwa muda mrefu inaingia kwenye mifupa. Meno ni barua ya kwanza tu, inawekwa mahali pa wazi kabisa mwilini ili isomwe, na sisi tunaisugua kwa ndimu isisomeke.

Na wapo watakaokimbia upande wa pili: kumbe floraidi ni sumu, natupa dawa ya meno. Tulia. Wewe mtu mzima wa Sinza, meno yako yalishamaliza kuundwa. Floraidi kidogo inayopakwa juu ya jino inalinda lisioze, na ndiyo maana iko kwenye dawa ya meno. Tatizo letu ni mtoto anayeimeza kwa vikombe kila siku. Vitu viwili tofauti. Kwa mtoto wa huko kwetu, weka dawa kidogo sana kwenye mswaki, umsimamie ateme.

Sasa narudi kwa wenzangu wa kalamu, kwa sababu hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kila wikiendi kurasa zetu zina njia saba, njia tano, siri kumi. Meno, ngozi, nywele, kitambi. Hakuna anayeulizwa amezitoa wapi. Habari ya kisima cha Arumeru ukiipeleka kwa mhariri unaambiwa imepitwa, haina kona mpya, subiri waziri atembelee. Mimi mwenyewe niliipeleka mara moja. Ikakaa mezani miezi miwili, ikatoka ikiwa aya tatu chini ya tangazo la mikopo. Njia saba zilipata ukurasa na picha ya rangi ya mwanamke wa Kizungu anayecheka. Nani atamlaumu binamu yangu kwa kukata alichokiona kimekuzwa?

Kaka yangu ana mtoto wa kike, ana miaka miwili na nusu, ananiita baba mdogo. Meno yake ya utoto ni meupe pee, na watu wa nyumbani wanasema huyu amesalimika. Hajasalimika. Ya kudumu yanaundwa sasa hivi, leo, wakati nikiandika haya, kwa uji wa asubuhi. Tumegombana na kaka kwenye simu jana usiku kuhusu bati na mfereji wa kukinga mvua. Anasema ninaleta za mjini, nitume hela kama nina uchungu sana. Nimetuma ya mfereji. Ya tenki nitatuma mwisho wa mwezi.

Binamu nimemwambia aache ndimu leo leo, asisukutue na chochote kichachu, atumie dawa ya meno ya wenye ganzi na mswaki laini, na Jumatatu aende kwa daktari wa meno, nauli na cha daktari juu yangu. Usaili ni Alhamisi. Akiulizwa kuhusu meno, nimemwambia ajibu kwamba amezaliwa Arumeru, hoteli yao iko Arumeru, na maji ya jikoni kwao waende wakapime.

Wewe uliyesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna albamu au kasha la vipande vya magazeti, angalia. Ukurasa wa urembo, toleo la wikiendi, jina langu liko juu. Njia ya pili na ya tano zinaharibu meno. Ya saba, ganda la ndizi, haidhuru wala haisaidii. Zilizobaki nazo sikumuuliza mtu. Ichane.